Mtamba Aliyetolewa Mchezoni Bonga

Siku nilipoagwa kwa kustaafu, kijana mmoja wa idara yetu alisimama na kipaza sauti akasimulia, kwa nia njema kabisa, kisa cha mtamba wa Bonga. Ukumbi mzima ukacheka. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu mtu anayeagwa hapaswi kubishana keki ikiwa mezani. Lakini kisa kile kilisimuliwa vibaya. Alisema kwamba wanakijiji wa Bonga waliangalia mchezo wa kuigiza, hawakujua kuwa ni mchezo, wakamnyang'anya mama wa watu ng'ombe wake. Katika maneno hayo, lililo sahihi ni kwamba kulikuwa na ng'ombe.

Nilikuwa Afisa Utamaduni hapa Babati tangu kabla kijana huyo hajazaliwa, na siku ya kisa hicho nilikuwepo Bonga, nimesimama karibu na mtamba kiasi cha kupigwa na mkia wake. Nimeona ni wajibu wangu kuandika yaliyotokea, kwa ajili yenu mnaoishika ofisi sasa. Vyeo nilivyopanda na mshahara niliopokea sitavigusa. Havikuwahi kumchekesha mtu.

Itabidi nianze na Bi. Rehema, kwani bila yeye jambo lenyewe halieleweki. Bi. Rehema alikuwa mkuu wangu wa kwanza wa kazi, mtoto wa mmoja wa wenye maduka wa zamani wa hapa mjini, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyoweza kuvuka shamba la alizeti. Siku yangu ya kwanza ilikuwa kiangazi, msimu wetu wa michezo ya vijijini. Mahindi yamekwisha kuvunwa, mashamba yako wazi, na watu wana muda wa kukaa. Tulikuwa tunakwenda kijiji cha Singe. Nilifika ofisini nimevaa suti.

"Shikamoo, Bi. Rehema."

"Marahaba. Hiyo suti ni ya nani?"

"Ni yangu, Bi. Rehema."

"Basi leo itajua kazi. Shika hilo debe la majivu."

Majivu yale ndiyo yaliyokuwa jukwaa letu. Tulipofika Singe alisimama katikati ya shamba, akaokota vumbi kiganjani, akaliachia lidondoke taratibu, akatazama linakopeperukia. Kisha akanielekeza nichore duara kwa majivu, akanifundisha jambo ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha ofisi. Kiangazi upepo wetu wa alasiri hutoka mashariki. Waigizaji wakae mashariki na watazamaji magharibi. Hapo upepo unabeba sauti za waigizaji hadi kwa watu, na jua linakuwa mgongoni mwa watu na usoni mwa waigizaji, hivyo kila kope inaonekana. "Ukiwageuza," alisema, "watu watakunja nyuso kwa jua, nawe utadhani wamechukia mchezo."

Mwezi uliopita nilihudhuria tamasha hapa mjini ambapo walifunga spika kila upande. Nilisikia kila kitu isipokuwa maneno. Sitasema zaidi.

Alikuwa na taratibu nyingine. Mchezo uanze mifugo ikishatoka kunywa maji, na umalizike kabla haijarudi zizini, maana mtu ambaye ng'ombe wake wako njiani anatazama mchezo kwa jicho moja. Viti vya wakubwa visiwekwe mbele ya wanawake wenye watoto. Na ng'ombe, kama mchezo unahitaji ng'ombe, awe ng'ombe wa blanketi: watu wawili wameinama chini ya blanketi la kahawia, wa mbele ameshika pembe za mti, wa nyuma ndiye mkia na miguu. Nimewahi kuwa miguu ya nyuma mara nyingi, na ndiyo sababu mgongo wangu uko hivi ulivyo.

Utaratibu wake wa mwisho ulihusu baraka. Wazee wa huku wanapomaliza shauri, mzee mmoja husimama akaomba kwa ajili ya watu wote. Anasema neno, watu wanaitikia kwa pamoja. Anasema jingine, wanaitikia tena, mpaka mwisho. Akifika mwisho, shauri limefungwa. Michezo yetu mingi iliishia kwenye usuluhishi, na usuluhishi bila baraka hapa ungekuwa kama harusi bila bibi arusi. Kwa hiyo baraka ilikuwemo, lakini Bi. Rehema alihakikisha kila mara inakatwa kabla ya neno la mwisho.

"Mchezoni baraka haimaliziwi," aliniambia.

"Kwani ikimaliziwa itakuwaje?"

"Sijui. Wala sitaki ujue wakati wa zamu yangu."

Zamu yake iliisha kwa heshima, akastaafu akaenda kupumzika kwa watoto wake. Kikundi kikabaki mikononi mwangu. Wakati huo waigizaji wetu wakuu walikuwa watatu. Elia alikuwa fundi uashi wa Bagara, mtu mrefu, mvivu ndani ya mchezo tu; katika kazi yake hakuwa mvivu hata kidogo. Juma alikuwa fundi cherehani wa pale mjini, mwenye machozi ya karibu. Paulina alikuwa binti wa Bonga, na mama yake, aliyekuwa mjane, tulimwita kama kila mtu alivyomwita: Mama Paulina.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe. Tulikuwa twende Bonga na mchezo wa majirani wawili. Mmoja mlegevu, analala huku ng'ombe wake wakila mahindi ya mwenzake. Wanagombana, wazee wanawaketisha, mlegevu analipa ng'ombe mmoja, baraka inatolewa, basi. Mara tukaletewa mgeni rasmi kutoka mkoani. Jina lake silitaji. Nitamwita Mgeni Rasmi, maana ndicho cheo alichokuwa nacho siku hiyo. Alikuja ofisini akiwa na suti nzuri kuliko niliyokuwa nayo mimi kule Singe, akaliona blanketi letu limekunjwa juu ya kabati na pembe zake.

"Hii ni nini?"

"Ni ng'ombe, mheshimiwa."

"Hii ni chekechea. Tunataka uhalisia! Ng'ombe wa kweli, mzee wa kweli. Wananchi wajione wenyewe."

Nilipinga. Nataka hilo lijulikane. Nilipinga kwa mdomo, mbele ya mashahidi, nikaeleza sababu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu, akarudia neno lake la uhalisia. Lakini blanketi nililipakia garini hata hivyo, chini ya debe la majivu, pamoja na kijana wetu aliyekuwa kichwa cha ng'ombe. Yule wa miguu ya nyuma alikuwa ameambiwa hahitajiki, akaenda kwenye shughuli zake.

Ng'ombe wa kweli alitoka kwa Mama Paulina. Alikuwa na mmoja tu, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, aliyemlea tangu ndama kwa maji ya kubeba kichwani. Mtamba huyo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mwaka mzima wa yule mama, maziwa yake na mbolea yake, vyote vilikuwa ndani ya tumbo lile. Alimwazima kwa sababu binti yake alimwomba.

"Mnanirudishia kabla fisi hawajaamka?" aliniuliza, kamba bado iko mkononi mwake.

"Kabla jua halijagusa mlima, Mama Paulina."

"Haya. Msimkimbize. Na huyo fundi cherehani asimkaribie kwa nyuma."

Alasiri ile ilikuwa nzuri ajabu. Mlima Kwaraa ulionekana kwa mbali bila wingu hata moja, upepo ulikuwa mahali pake, na watu walijaa shamba lile lililovunwa mpaka wengine wakakaa juu ya marundo ya mabua. Akina mama walijifunga mashuka kwa baridi, watoto walikaa mbele kabisa wakichungulia, na wafugaji waliokuwa wakipita na mifugo walisimama pembeni wakiegemea fimbo zao, mguu mmoja juu ya mwingine, wakisema hawana muda. Hawakuondoka mpaka mwisho.

Elia alilala katikati ya duara akakoroma kwa namna ambayo kila mwanamke aligeuka kumtazama mumewe. Juma alipoingia na bua lililotafunwa mkononi, akalia, "Mahindi yangu! Mbaazi zangu! Watoto watakula nini?" mama mmoja alipaza sauti kutoka nyuma:

"Huyu amelima wapi? Mikono yenyewe laini kama ya mtoto!"

"Nyamaza, mama, analia vizuri!"

"Analia vizuri, lakini analishika bua kama sindano!"

Juma alizidi kulia. Elia alifunguliwa jicho moja na Paulina, aliyeigiza mkewe, akauliza kuna nini, akalala tena. Mzee mmoja alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Nawaambia ninyi mnaodhani burudani lazima iwe na umeme: sijawahi kuona watu wakifurahi namna ile.

Kisha ukafika usuluhishi. Mzee wa kweli aliyetakiwa na Mgeni Rasmi alikuwa Mzee Tluway, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa akitoa baraka katika mashauri ya pale kijijini. Nilikuwa nimemweleza asubuhi juu ya neno la mwisho, naye alinijibu kuwa hilo hakuhitaji kuelezwa. Elia alimleta mtamba ndani ya duara, akamkabidhi Juma kamba. Juma aliipokea kwa ncha za vidole. Mzee Tluway akasimama akaanza. Watu wakaitikia, kwanza akina mama, halafu wote, sauti zikapanda taratibu kama kawaida. Akafika mahali petu, akanyamaza, akajiandaa kuketi.

Mgeni Rasmi akainuka kitini.

"Mbona mnaikata? Malizieni! Hapo ndipo patamu!"

"Nimalizie?" aliuliza Mzee Tluway.

"Malizia, mzee wangu."

"Unasema hivyo mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote!"

Mzee alinitazama. Nilitikisa kichwa kwa nguvu zangu zote. Lakini aliyeombwa baraka mbele ya watu hawezi kuwanyima watu wale baraka. Akalisema neno la mwisho, na shamba zima likaitikia.

Hapakupigwa makofi. Watu walishusha pumzi tu, kama wanavyofanya shauri linapokwisha. Juma aliinama kutoa heshima kwa watazamaji, kama tulivyomfundisha. Elia akaichukua kamba, akaanza kumwongoza mtamba kuelekea kwa Mama Paulina. Mzee mwingine, aliyekuwa mstari wa mbele, akanyoosha fimbo yake mbele ya magoti ya Elia.

"Unampeleka wapi?"

"Kwa mwenyewe, mzee. Kwa Mama Paulina."

"Mwenyewe si yule pale?" Akamwonyesha Juma.

"Mzee, ule ulikuwa mchezo."

"Mchezo tunaujua, tena tulikuwa tunaufurahia. Wewe ulijifanya mtu mwingine. Huyu fundi alijifanya mtu mwingine. Tluway alijifanya nani?"

Elia alinigeukia mimi. Hapa ndipo nawaomba mnaosimulia kisa hiki msome taratibu. Hakuna mtu Bonga aliyedhani mchezo ni kweli. Walichosema ni kwamba ndani ya mchezo kulikuwa kumewekwa kitu kimoja cha kweli, yaani baraka, nacho kilikuwa kimemaliziwa.

Juma ndiye aliyeogopa kuliko wote. "Wazee wangu," alisema, machozi yake yakiwa sasa ni ya kazi nyingine, "mimi nimepanga chumba kimoja pale mjini. Cherehani yenyewe iliingia kwa kulazwa ubavu. Huyu nimweke wapi? Na tena namwogopa!"

Watu walicheka, lakini hawakutawanyika, na hakuna aliyeondoa fimbo. Mama Paulina alikuwa amesimama pembeni ya duara, mikono ameikunja kifuani.

"Jua linashuka," alisema. "Na mimi namsubiri ng'ombe wangu."

Mgeni Rasmi akakohoa. "Natoa agizo ng'ombe arudishwe mara moja."

Mzee Tluway alimtazama kwa upole mkubwa. "Mwanangu, agizo lako la kwanza ndilo lililotufikisha hapa. Hilo la pili liweke kwanza."

Nilimsogelea mzee nikamwuliza kwa adabu jambo lililofungwa mbele ya watu hufunguliwaje. Akasema, mbele ya watu walewale, na kwa baraka.

"Watu wapo, mzee."

"Wapo."

"Na mchezo bado haujafungwa. Sijawashukuru wageni."

Nilimwona akianza kutabasamu kabla hajafikiria kujizuia. Akaketi kwenye kigoda chake katikati ya duara, akagonga fimbo chini.

"Kuna mtu hakuulizwa," alisema. "Aje."

Mama Paulina aliuvuka mstari wa majivu.

"Wewe ni nani?" aliuliza Mzee Tluway.

"Wewe Tluway, umekula ugali kwangu Jumapili!"

"Hapa duarani sikujui. Jieleze."

Yule mama akageuka akawatazama watu wote. Nimefundisha waigizaji maisha yangu yote, na nakiri kwamba sikumfundisha yeye chochote.

"Mimi ndimi mwenye huyu mtamba," alisema. "Nilimwazima, sikumtoa. Nilimwazima kwa sababu mtoto wangu aliniomba, na kwa sababu nilitaka kuona ng'ombe wangu akitazamwa na watu. Ametazamwa. Sasa namtaka." Akamgeukia Elia. "Na wewe, mlegevu! Ng'ombe wako ndio waliokula mahindi ya jirani. Mbona unalipa kwa ng'ombe wangu? Wa kwako wako wapi?"

Elia alikuwa mwigizaji kweli. Alijinyoosha, akapiga miayo. "Wamelala, mama."

"Waamshe!"

Shamba lilipasuka kwa kicheko. Nilikimbia garini mwenyewe. Niliporudi na blanketi na pembe, kijana wa kichwa akaingia mahali pake, na hapo ndipo ikaonekana kwamba ng'ombe wa Elia hana miguu ya nyuma.

Mzee Tluway hakusita. "Aliyesema imaliziwe, na aingie."

Watu wote wakamtazama Mgeni Rasmi. Naye akaitazama suti yake. Na sasa naandika jambo ambalo huenda hamtalitarajia kutoka kwangu: yule bwana alikuwa mtu. Angeweza kuita gari lake akaondoka. Badala yake alivua koti, akampa Paulina alishike, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ni mimi niliyesema imaliziwe," akainama chini ya blanketi. Makofi aliyopigiwa hakuna hotuba yake iliyowahi kuyapata.

Alikuwa miguu mibaya sana. Mbele ilikwenda kushoto, nyuma ikaenda kulia. Ng'ombe akajikwaa kwenye mabua, akaomba radhi kwa sauti ya kiofisi. Juma alimpokea kwa furaha isiyokuwa ya kuigiza. "Huyu," alisema akimpapasa mgongo, "ataingia chumbani."

Ndipo Mzee Tluway akasimama, mtamba wa kweli akiwa mkononi mwa Mama Paulina, akatoa baraka ya kumrudisha kwa mwenyewe. Aliisema yote mpaka neno la mwisho, na watu wakaitikia, wafugaji wa pembeni nao. Kisha akaligeukia lile blanketi akaanza baraka ya pili, ya malipo ya mahindi. Alipofika mahali pa Bi. Rehema akanyamaza. Akasubiri. Akainama kidogo kusikiliza kama chini ya blanketi kuna mtu mwenye maoni. Kisha akaketi.

Mtamba aliondoka uwanjani jua likiwa bado halijagusa mlima, kama nilivyoahidi. Alizaa salama, ndama jike.

Kisa kilivyofika mkoani na kugeuka, siwezi kuthibitisha, ingawa ni dhahiri kwamba ni rahisi kwa mkubwa kusema wanakijiji hawakuelewa kuliko kueleza madoa ya magoti ya suruali. Lakini ninyi mmeshaelezwa. Anayesimulia tena kwamba watu wa Bonga hawakujua mchezo ni nini, asimulie akijua kwamba nipo na ninasikia.

Kiangazi kilichopita nilikwenda Bonga kwa mara ya kwanza nikiwa mtazamaji tu, bila debe la majivu. Mama Paulina aliniwekea kigoda jua likiwa mgongoni mwangu, akanimiminia chai ya maziwa. Maziwa hayo, aliniambia, ni ya mjukuu wa yule mtamba. Mchezo ulikuwa ule wa majirani, na ng'ombe alikuwa wa blanketi. Mzee Tluway, ambaye sasa husimama kwa kushikwa mkono, alitoa baraka akaikata mahali pake.

Kando yangu alikuwa yule kijana wa siku ya kuagwa, ambaye sasa ndiye anayesimamia michezo hiyo. Akaniinamia sikioni.

"Mzee, mbona ameikata? Nimwambie amalizie?"

Mama Paulina alikwishasikia. Aliweka birika chini polepole, akamtazama kijana juu mpaka chini, kisha akainuka akaenda zizini kuhakikisha lango limefungwa.